Usiku wa Eastlands na Wenye Funguo Zake

Kila serikali iliyowahi kuikalia Nairobi, ya mkoloni na zetu wenyewe, imeuogopa usiku wa Eastlands. Ikiogopa Mau Mau, inatufungia. Ikiogopa mapinduzi, magaidi au ugonjwa, inatufungia, na kila mara tunaambiwa ni kwa usalama wetu. Mimi nimeishi Mukuru kwa Njenga tangu nikiwa msichana anayetafuta kibarua, na nimefanya shifti ya usiku katika viwanda vya Industrial Area hadi nywele zikaota mvi. Naieleza historia hii nikiwa mtu aliyetembea usiku kwa sababu riziki yake ilikuwa usiku.

Sheria ya kipande ilipitishwa mwaka 1915 na ikaanza kutekelezwa kwa nguvu baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitakiwa kubeba karatasi yenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri na kiasi cha mshahara, ndani ya kijisanduku cha chuma kilichoning'inia shingoni. Ukiacha kazi kabla ya bwana wako kutia sahihi, wewe ni mtoro. Mjini ziliongezwa sheria ndogo za manispaa: usiku, Mwafrika asionekane nje ya lokesheni yake bila kibali. Wazungu waliziita ulinzi, na kwao zilikuwa ulinzi kweli. Kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko yaliyomfanya Harry Thuku akusanye watu, na alipokamatwa Machi 1922, umati ulisimama nje ya kituo cha polisi cha Nairobi kudai aachiliwe. Wanaume walipoanza kulegea, Mary Muthoni Nyanjiru aliwasuta. Risasi zilipoanza kupigwa tarehe 16, alikuwa miongoni mwa waliokufa. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 21. Mwanamke hakulazimishwa kubeba kipande, lakini huyu alikufa mbele ya kundi lililotaka kutembea bila kuulizwa.

Babu yangu alikuwa mpakiaji wa mizigo ya reli, na alikaa Makongeni, katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Yaliyotokea alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954 niliyasikia kwa shosho, nyanya yangu, si kwa babu mwenyewe. Yeye hakutaka kuyazungumza. Jenerali George Erskine alikuwa ameuzingira mji mzima kwa askari wapatao 25,000, katika operesheni waliyoiita Anvil. Mtaa kwa mtaa, nyumba kwa nyumba, watu walitolewa nje wakachuchumazwa uwanjani, kisha wakapitishwa mbele ya gakunia, yaani mtoa habari aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Gakunia akitikisa kichwa, mtu anapandishwa lori. Waliolengwa ni Wakikuyu, Waembu na Wameru. Babu, Mkamba, aliachwa kwenye jua mpaka alasiri, kisha akaambiwa arudi nyumbani. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta hakurudi. Shosho alikuta sufuria ya maharagwe ya jirani bado iko jikoni, makaa yamekwisha, na watoto watatu wamekaa kitandani wakiwa wamevaa viatu kwa sababu mama yao aliwaambia wajitayarishe. Akaimalizia kupika. Mama yao aliondolewa Nairobi pamoja nao wiki iliyofuata. Baba yao alipitia kambi ya Lang'ata, kisha ya Manyani, na alikuwa mmoja wa watu zaidi ya 20,000 waliozuiliwa bila kesi katika operesheni hiyo.

Nakubali jambo moja ambalo wengi hawapendi kulisema. Anvil ilifanya kazi kwa waliokuwa wakilindwa. Mtandao wa Mau Mau mjini ulivunjika. Pesa, dawa na risasi zilizokuwa zikienda msituni zikapungua sana. Mzungu wa Muthaiga alilala vizuri zaidi baada ya Aprili ile. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema tupime usalama dhidi ya uhuru, nauliza kwanza: usalama wa nani, na uhuru wa nani unaowekwa kwenye mizani? Mwaka 1954 vilikuwa vya watu wawili tofauti, na aliyetoa hakuwa aliyepokea. Babu, ambaye hakushtakiwa kwa lolote, alitembea miaka iliyofuata na karatasi mfukoni ya kuonyesha kwamba ni mtu wa reli na anatoka zamu.

Uhuru ulikuja, sheria ya uzururaji ikabaki. Ilifutwa mwaka 1997 tu, katika mageuzi ambayo vyama vya bunge vilikubaliana kabla ya uchaguzi. Mpaka hapo, askari aliweza kumkamata mtu kwa kuwa tu yuko barabarani na hana jibu la kumridhisha. Jaribio la mapinduzi la wanahewa la tarehe 1 Agosti 1982 lilileta amri nyingine ya kutotoka usiku, na sisi wa upande huu, kambi zao za Embakasi na Eastleigh zikiwa jirani zetu, tuliionja vizuri. Lakini sheria ya uzururaji ndiyo iliyotuuma kila siku, kwa kuwa haikuhitaji tangazo la rais.

Mukuru imejengwa na watu wa viwandani. Palikuwa na matimbo ya mawe na mashamba ya mkonge. Hata leo kijiji kimoja cha Kwa Njenga kinaitwa Sisal, na majirani zake ni Vietnam, Wapewape, Riara na Milimani. Miaka ya 1980 ardhi hii iligawiwa watu binafsi na makampuni ambayo mengi hayakuijenga, huku wafanyakazi wakizidi kuingia na kusimamisha vyumba vya mabati vya futi kumi kwa kumi. Ukitoka hapa kwa miguu, unapita kwa Reuben, unafika Enterprise Road, na huko ni geti za viwanda mfululizo. Mwanamke wa shifti anatoka nyumbani saa kumi na mbili jioni na kurudi alfajiri, au anatoka zamu ya mchana saa tano usiku, wakati matatu zimekwisha.

Nilikamatwa nikiwa bado msichana, nikitoka kiwanda cha plastiki. Tulikuwa wanne. Askari wa doria walituambia wanawake wema wako nyumbani saa hiyo. Tuliwaonyesha kadi za kazi, zenye picha na mhuri, nao wakasema mtu yeyote anaweza kutengeneza kadi. Tulilala seli ya kituo kimoja, tukatolewa asubuhi kwa pesa ya mkononi bila kuandikwa popote, na mmoja wetu alifukuzwa kazi kwa kukosa zamu iliyofuata. Usiku ule ule, katika njia ile ile, kijana wa kiwanda cha jirani alichomwa kisu na kunyang'anywa redio yake. Doria ilikuwa na sisi.

Ndiyo maana nasema watu wa hapa walianza kujilinda wenyewe, na kujilinda huko kuna historia yake, si nzuri yote. Miaka ya 1990, wizi ulipozidi, mitaa ya Eastlands iliunda vikundi vya vijana wa kulala macho. Baadhi vilibaki hivyo. Vingine vikageuka watoza ushuru. Mungiki walitoza matatu na nyumba katika sehemu za Mathare na Dandora, na aliyekataa alilipa kwa mwili wake. Kariobangi North, usiku wa tarehe 3 Machi 2002, ugomvi wao na kundi lililoitwa Taliban uliua watu zaidi ya 20 kwa mapanga na marungu, wengi wao wapita njia. Ulinzi usioulizwa na mtu hugeuka, hata ukianzishwa na majirani.

Sisi wa ploti yetu tulichagua geti. Zamani ploti za Kwa Njenga zilikuwa wazi: mlango wako, ujia wa maji machafu, mlango wa mwenzako. Kisha mwenye ploti mmoja akaweka geti la chuma, na mwingine akafuata, mpaka ploti isiyo na geti ikawa haina wapangaji. Letu liliwekwa baada ya vyumba vitatu kuvunjwa usiku mmoja. Ni bati gumu lililochomelewa kwenye fremu ya chuma, lina mnyororo na kufuli ya shaba, na lilikuwa na funguo mbili: wa mwenye ploti, anayeishi mbali, na wa keateka, mwangalizi wa ploti. Saa nne usiku keateka anafunga. Ukichelewa unagonga, akiwa amekunywa, unalala nje au unarudi kiwandani kuomba mlinzi akuruhusu ukae kwenye benchi.

Geti lilitupa usingizi. Sitalidharau. Kabla yake nililala na panga chini ya godoro. Lakini geti hilo hilo lilituonyesha kasoro zake mapema. Vyoo vyetu vilikuwa nje ya ploti, upande wa pili wa ujia, na baada ya saa nne mwanamke alikuwa na mambo mawili ya kuchagua: ndoo, au kumwamsha keateka na kutoka gizani. Shirika la Amnesty International lilitoa ripoti mwaka 2010 kuhusu wanawake wa mitaa ya mabanda ya Nairobi, likaeleza jinsi safari ya choo usiku ilivyokuwa njia ya kubakwa. Hatukuhitaji ripoti kulijua, ila nilifurahi kwamba lilikuwa limeandikwa. Choo ndani ya ploti kingetupa usalama na uhuru kwa pamoja, na kilikuwa nafuu kuliko doria ya mwaka mmoja. Vivyo hivyo taa. Ile milingoti mirefu ya taa tunayoiita mulika mwizi ilipoanza kusimamishwa katika mitaa ya mabanda, mama wa samaki aliongeza saa mbili za biashara bila kumwomba mtu ruhusa.

Na kuna moto. Nyaya za sambaza, yaani umeme wa kuunganishwa kiholela, majiko ya mafuta, kuta za mabati na mbao: chumba kimoja kikishika, ploti nzima iko hatarini. Tarehe 12 Septemba 2011 bomba la mafuta lilivuja Sinai, upande wa Viwandani, na watu zaidi ya 100 wakateketea. Moto huo haukuhusu geti, lakini baada yake sikuweza kulala nikijua kufuli iko nje na ufunguo uko kwa mtu mlevi. Tulidai ufunguo wa tatu ukae ndani, kwenye kopo lililopigwa msumari ukutani karibu na bomba la maji. Mwenye ploti alisema utaibwa, wezi watachonga wao. Tulibishana naye mwezi mzima. Tulimwambia heri tuibiwe televisheni. Alipokubali, kopo likapigiliwa, na hadi leo kila mtoto wa ploti hii anajua lilipo kabla hajajua kusoma.

Baada ya shambulio la Westgate, Septemba 2013, serikali ilileta mpango wa Nyumba Kumi, uliofanana na mabalozi wa nyumba kumi walioanzishwa na TANU nchini Tanzania miaka ya 1960. Kumi za Mukuru ni nusu ya ploti moja. Tulijuana tayari: nani anakohoa, nani amepigwa na mumewe, nani ana mgeni. Kilichotushinda ni kwamba habari zilipanda na hazikushuka. Tulitakiwa kumwambia chifu kuhusu mgeni. Hatukuwahi kuambiwa kijana aliyechukuliwa na gari lisilo na namba alipelekwa wapi. Aprili 2014, katika Usalama Watch, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa Eastleigh na wengi wakafungiwa uwanja wa Kasarani kuchujwa. Niliona picha za watu waliokaa chini wakisubiri kuitwa, nikamkumbuka babu uwanjani Makongeni. Na hii ilikuwa chini ya Katiba ya 2010, ambayo kifungu chake cha 29 kinaweka uhuru na usalama wa mtu pamoja, katika haki moja.

Kisha ikaja korona. Kuanzia tarehe 27 Machi 2020, kafyu ilikuwa saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, na sitaki kuandikwa kati ya waliosema ni uongo. Nimemzika shemeji yangu. Lakini kafyu iliandikwa na mtu mwenye gari. Viwanda vilitoa watu saa kumi na moja jioni wote kwa pamoja, tukabanana kwenye matatu na njiani zaidi ya siku za kawaida, tukikimbia ili tusikutwe. Baadhi ya waajiri walifungia shifti ya usiku ndani hadi asubuhi. Wengine waliifuta, na mshahara ukaenda nayo. Kule Kiamaiko, siku chache tu baada ya kafyu kuanza, mvulana wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa amesimama kwenye roshani ya nyumba yao. Alikuwa nyumbani, kama alivyoamriwa. Kufikia mwanzo wa Juni, mamlaka ya kusimamia polisi, IPOA, ilikuwa imepokea malalamiko 87, yakiwemo ya vifo 15. Jaji Weldon Korir alikuwa ameamua tarehe 16 Aprili kwamba kafyu yenyewe ni halali na nguvu iliyotumiwa na polisi si halali. Naiona hukumu ile kuwa ya haki, na nilitamani ingesomwa kwa sauti kwenye kila kituo cha Eastlands.

Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, siku ya Mashujaa, kwa shangwe. Sisi Kwa Njenga tulikuwa na matingatinga. Mwezi huo na uliofuata, nyumba za Sisal, Vietnam na jirani zake zilibomolewa kupisha barabara ya Catherine Ndereba, na watu zaidi ya 40,000 wakabaki bila paa. Uhuru wa usiku tuliopewa ulitukuta tukilala nje. Walioweka mahema juu ya vifusi hawakuwa na geti wala kufuli, na wanawake walilala kwa zamu. Hii ni baada ya kaunti kuitangaza Mukuru, Agosti 2017, kuwa eneo maalumu la mipango, na kaya zaidi ya 100,000 kushirikishwa kupanga barabara, maji na vyoo vyao. Watu walishakubali kusogea ili barabara zipite. Walichokataa ni kusogezwa usingizini.

Tarehe 12 Julai 2024, miili ya wanawake iliyokatwakatwa na kutiwa kwenye magunia ilianza kutolewa katika timbo la zamani la Kware, hapa hapa, lililogeuzwa jaa la taka na kujaa maji. Waliozama kuitoa ni vijana wa mtaa. IPOA ilisema kituo cha polisi kiko chini ya mita 100 kutoka hapo. Maafisa wa kituo walihamishwa. Mshukiwa alikamatwa, na tarehe 20 Agosti akatoroka seli za Gigiri pamoja na Waeritrea 12. Watu walioandamana Kware kudai majibu walirushiwa vitoa machozi.

Siku zile ushauri uliosikika kila upande, kanisani, redioni, kwa mama mboga, ni kwamba wasichana wasitoke usiku. Ushauri huo ni wa zamani na una safari ndefu. Kaskazini mwa Uingereza, miaka ya 1970, muuaji wa wanawake alipokuwa hajakamatwa, polisi waliwaambia wanawake wabaki nyumbani. Tarehe 12 Novemba 1977 wanawake wa Leeds waliingia barabarani usiku na mienge, wakiuliza kwa nini wasifungiwe wanaume.

Ploti yetu ilikutana Jumapili iliyofuata kupatikana kwa miili ya Kware, kwenye ujia, watu wamekalia mitungi ya maji. Shosho wa mlango wa tatu, ambaye namheshimu sana, alipendekeza geti lifungwe saa mbili kwa wanawake. Alilia akisema. Binti anayefanya shifti ya kiwanda cha biskuti alisimama akamwambia, "Shosho, waliouawa hawakuua mtu. Kwa nini mimi ndiye nifungwe?" Palikuwa kimya kidogo, kisha kila mtu akasema kwa pamoja. Tulimaliza jioni sana. Geti likabaki saa nne. Kila mwenye shifti akakatiwa ufunguo wake kwa fundi wa Pipeline, tukaandika kwenye daftari la ploti nani ameshika upi. Na wavulana wakubwa wakapangiwa zamu ya kwenda steji wawili wawili kuwapokea wanaoshuka usiku.

Wiki ya pili wavulana wawili walikamatwa na doria wakiwa wanasubiri steji. Tulipoenda kuwatoa, ofisa mmoja, kwa nia njema kabisa, alitushauri tuwaandikie barua: jina, namba ya kitambulisho, sababu ya kutembea usiku, na mhuri juu yake. Wenzangu wengi waliona ni jambo rahisi, na mmoja alishatoa kalamu. Nilikataa, na niliwaeleza habari za karatasi iliyokuwa mfukoni mwa babu yangu. Kura ilipigwa tukagawanyika karibu nusu kwa nusu, na barua haikuandikwa. Wavulana bado wanakwenda, wakiwa na tochi na vitambulisho vyao vya kawaida ambavyo kila Mkenya mtu mzima anatakiwa kuwa navyo. Ijumaa nakwenda nao mimi mwenyewe, kwa sababu mwanamke mzee husalimiwa kabla hajaulizwa.